Wino, Brashi na Dedilaini: Wasee Waliofanya Gazeti Liwake

Alhamisi ya 16 Oktoba 1941, dame mmoja alidedi kwa gazeti. Si kwa kurasa za habari, zii. Kwa katuni. Raven Sherman alikuwa mresh wa familia iko na ganji, ameacha raha za Marekani akaenda China kusaidia wasee walikuwa wanamalizwa na vita. Jambazi anaitwa Captain Judas akamsukuma kutoka kwa lori ikiwa mbio. Na hakudedi hapo hapo. Alikata mos mos, siku baada ya siku, kwa mlima hauna daktari, na kila asubuhi msomaji alikuwa anafungua gazeti kucheki kama bado anapumua. Siku alikata, watu waliingia matanga ya ukweli. Barua zikamwagikia mchoraji, Milton Caniff, zingine za machozi, zingine za matusi. Miaka ikapita, na bado kuna wasee walikuwa wanamwandikia tarehe hiyo ikifika.

Hiyo katuni iliitwa Terry and the Pirates. Jumatatu hadi Jumamosi ilikuwa viboksi vitatu ama vinne, nyeusi na nyeupe, vimepangwa laini moja. Jumapili inapewa nafasi kubwa na rangi. Sasa jiulize: unafanyaje mtu mzima, ako na bibi na watoi, alie juu ya dame wa wino, kwa karatasi yenye kesho itafungia mtu mandazi?

Wengi wetu tunajua Marvel, tunajua anime, na tukicheki hizo vitu tunadhani zilianguka kutoka juu zikiwa zimeiva. Kabla zote kulikuwa na hawa wasee wa gazeti, kati ya 1924 na miaka ya 50, walikuwa wanachora stori za hatari kila siku ya Mungu bila off. Na maoni yangu, yenye niko tayari kutetea base yoyote, ni kwamba urembo wa kazi yao ulitoka kwa presha. Karatasi ilikuwa mbaya, mashine za kuchapisha zilikuwa rafu, na mdosi hakuwa anangoja mtu. Wangepewa karatasi safi na mwaka mzima wa kufikiria, sidhani wangetuachia hata nusu ya hizi vitu.

Mwanzo ulikuwa wa kuchekesha. Roy Crane alianza Wash Tubbs mwaka wa 1924, stori ya kamsee kafupi ka miwani, kanapenda madame na kanasaka hazina. Ilikuwa vituko tu. Lakini 1929 Crane akaleta Captain Easy, chali wa mabega na ngumi, hapendi stori mingi, na katuni ikabadilika sura. Huyo ndio kaka mkubwa wa karibu kila staring wa katuni alikuja baadaye. Mwaka huo huo, Jumatatu ya 7 Januari, katuni mbili zilizinduliwa siku moja: Tarzan, ikichorwa na Hal Foster, na Buck Rogers, ya wasee wa roketi. Hakuna mtu alipanga ziangukie pamoja, lakini kutoka hapo magazeti yakashikwa na njaa ya stori za hatari.

Elewa venye wera ilikuwa inafanyika. Mchoraji haongei na gazeti. Anaongea na sindiketi, kampuni yenye inachukua mchoro mmoja na kuuzia magazeti mia na ushee. Unachora kwa kadi ngumu, kubwa kushinda saizi ya kuchapishwa. Inapigwa picha, inachongwa kwa bamba la zinki, alafu wanakandamiza kalibu za karatasi zinatumwa kwa posta miji yote. Kule mji mdogo wa Ohio ama Texas, fundi anamwaga risasi iliyoyeyuka ndani ya kalibu, anapata bamba lake, mashine inanguruma. Ndio maana lazima uwe umemaliza wiki kadhaa kabla, na ya Jumapili mapema zaidi juu ya rangi. Japani ilipopiga Pearl Harbor, 7 Desemba 1941, katuni za siku zilizofuata zilikuwa zishatoka mkononi mwa wachoraji kitambo. Nchi imeingia vita na staring wako bado anabembeleza dame kwa hoteli. Hakuna kitu utafanya.

Na hesabu ya wiki haikuwa inabadilika: sita za kila siku na moja ya Jumapili. Caniff alichapa Terry kutoka Oktoba 1934 hadi Desemba 1946, akapumua wiki mbili hivi, alafu Januari 1947 akaanzisha Steve Canyon na akabaki nayo hadi akadedi 1988. Zaidi ya miaka 53 ya dedilaini. Ukisikia msee wa maudhui akilia ati amechoka kupost mara tatu kwa wiki, mrushie hiyo.

Kuna ujanja mmoja wa uandishi wenye hakuna mtu anawapea heshima yake. Kuna wasee walikuwa wananunua gazeti siku za wiki pekee, kuna wengine Jumapili pekee. Mwanzoni Caniff alikuwa na stori mbili tofauti, moja ya wiki na moja ya Jumapili. Mwaka wa 1936 akaziunganisha zikawa moja. Sasa ona ngori amejiingiza: Jumapili lazima imchapie msee wa Jumapili kila kitu imetokea, bila kumboesha msee wa kila siku mwenye anajua yote, na Jumatatu lazima isonge mbele bila kumuacha yule hakuona Jumapili. Kiboksi cha kwanza kinakumbusha, cha katikati kinasukuma, cha mwisho kinakuning'iniza. Na hiyo kukumbusha isikae ka kukumbusha: mhusika anauliza swali, mwingine anajibu kwa hasira, na wewe msomaji ushashikanishwa. Chukua kurasa zake ufiche jina, bado utafuata stori. Nimesoma waandishi wa filamu wamelipwa vizuri na hawawezi hiyo.

Lakini twende kwa wino, juu hapo ndio nare ilikuwa.

Caniff alikuwa anashea studio New York na beshte yake, Noel Sickles. Sickles ndio alikuwa mchoraji wa wachoraji, yule wengine wanakuja kusimama nyuma ya kiti yake. Mwaka wa 1933 alipewa katuni ya rubani, Scorchy Smith, juu mwenyewe, John Terry, alikuwa mgonjwa. Kazi ya kwanza ilikuwa kuiga mkono wa huyo mgonjwa ndio wasomaji wasishtuke. Akaiga, alafu mos mos akaanza kuteleza kwenda kwa staili yake. Aliacha kuchora vitu akaanza kuchora mwanga.

Nikueleze. Weka ndege imesimama usiku. Mchoraji wa kawaida atachora laini ya bawa, laini ya tairi, laini ya mlango, alafu ajaze vimistari kibao ndani kuonyesha ni giza. Sickles anaacha karatasi nyeupe penye taa imepiga, na pengine pote anaangusha wino na brashi nene. Laini ya bawa haiko. Jicho lako ndio linaichora, na hata haujui limefanya kazi. Caniff alicheki hiyo kitu akaona mambo mawili. Kwanza, ni tamu. Pili, ni haraka. Mtu amesimama mbele ya dirisha, mjaze weusi wote, umemaliza. Jeshi linapita kwa kilima jioni, vivuli tu. Na faida ya tatu ilikuwa kwa mashine: wino ya gazeti inatambaa kwa karatasi rahisi, vimistari vyembamba vinashikana vinakuwa uchafu, lakini weusi mzito haupotei. Chenye kilisaidia dedilaini ndicho kilisaidia macho. Hapo ndio Raven Sherman alikufa, kati ya weusi na weupe, na Caniff akakaa mbali na sura za kulia. Alipeleka kamera nyuma, kama kuna kamera, akaonyesha migongo na mlima.

Sickles mwenyewe aliomba nyongeza, akanyimwa, akaishia 1936. Akaenda kuchorea majarida, na katuni hakurudia tena kwa kishindo. Mwenye alianzisha kitu, na jina likaenda kwa mwingine. Kusema ukweli Caniff hakuficha, alikuwa anamtaja.

Roy Crane naye alisumbuliwa na kijivu. Gazeti halijui kijivu. Linajua wino iko ama haiko. Akaanza kutumia kadi spesheli inaitwa Craftint, yenye ndani imefichwa mistari haionekani kwa macho. Unapaka dawa ya kwanza na brashi, mistari ya upande mmoja inatokea, inakaa kijivu nyepesi. Unapaka dawa ya pili, mistari inakatana, kijivu nzito. Jamaa akawa na rangi nne kwa mashine ya rangi mbili. Cheki Buz Sawyer, katuni yake ya rubani wa jeshi la maji iliyoanza 1943: bahari ya Pasifiki asubuhi, moshi wa meli, mawingu yamepangana hadi nyuma kabisa. Hiyo bahari ni dawa na mistari, na ukiikaribia na jicho inavunjika inakuwa si kitu. Rudi nyuma hatua mbili, unaskia upepo.

Sasa Hal Foster alikuwa kinyume ya hawa wote, na ndio maana nampenda na kumuogopa. Alizaliwa Halifax, Canada, 1892. Kabla ya katuni amekuwa bondia, ameongoza wawindaji msituni, amechimba dhahabu. Alafu akapanda baiskeli kutoka Winnipeg hadi Chicago kutafuta wera ya kuchora, karibu kilomita 1,600. Msee wa hivyo hawezi kuchora mti wa uongo. Alipochoka na Tarzan akaleta Prince Valiant, 13 Februari 1937, ya Jumapili pekee, ikizunguka meza ya King Arthur. Akakataa viputo vya maneno kabisa. Maneno yanakaa pembeni ya picha, picha inabaki safi, na ukurasa unakaa ka ukuta wa kanisa la kitambo. Kadi zake zilipita sentimita 80 kwa kimo, na ukurasa mmoja ulikuwa unamla zaidi ya masaa 50. Historia amechanganya, ngome za miaka tofauti zimeshikanishwa bila aibu, lakini kila kisu kiko na uzito, kila farasi ana misuli penye farasi anafaa kuwa nayo. Na wahusika wanazeeka! Val alianza akiwa mtoi wa vinamasi, 1946 akaoa Aleta, mwaka uliofuata wakapata kijana, Arn. Foster aliachia brashi 1971, na hiyo katuni bado inatoka hadi leo mikononi mwa wengine.

Alex Raymond ndio alikuwa mtu wa luku. Flash Gordon ilizinduliwa 7 Januari 1934 juu sindiketi ya King Features ilikuwa inadai kitu ya kupiga Buck Rogers. Stori yenyewe, tusidanganyane, ni ya kubahatisha: chali wa Yale, hodari wa polo, anajipata kwa roketi na mwanasayansi amechanganyikiwa, wanaenda sayari ya Mongo kupigana na mtawala wake, Ming. Hakuna mtu anasoma hiyo kwa ajili ya hekima. Unasoma kwa ajili ya mkono wa Raymond. Alikuwa anaweka watu wa kweli wasimame ndio awachore, na brashi yake iliyokaukia wino inaacha michirizi ka hariri. Kila mtu kwa Mongo anasimama ka anajua anachekiwa. George Lucas alitaka kufanya filamu ya Flash Gordon, akakosa haki, akaamua kutengeneza ya kwake. Hiyo ya kwake ikaitwa Star Wars, 1977. Raymond hakuiona. Septemba 1956, akiwa miaka 46, alikuwa anaendesha Corvette ya mchoraji mwenzake, Stan Drake, huko Connecticut, ikatoka barabarani. Drake akapona.

Kuna kitu lazima niseme na siwezi kuizungusha. Hizi katuni zilitudharau. Tarzan ni mzungu anatawala msitu wetu, na wasee weusi ndani yake ni wa kupiga kelele na kukimbia. The Phantom ya Lee Falk, iliyoanza 1936, ni kizazi baada ya kizazi cha wazungu wamevaa suti ya kubana, wanaamua kesi za wenyeji nchi inaitwa Bangalla, yenye mwanzoni ilikuwa upande wa Asia na baadaye ikahamishiwa Afrika, na hakuna mtu aliuliza wenyeji. Hata Caniff: kijana Mchina anaitwa Connie, msaidizi wa Terry, amechorwa meno mbele na Kiingereza cha kuchekwa. Na ni Caniff huyo huyo alikuwa anasoma vitabu vya China usiku kucha ndio bunduki na lori zikae sawa, na akampa Dragon Lady, mwanamke Mchina, akili na nguvu za kuongoza wapiganaji dhidi ya wavamizi kutoka Japani. Mkono mmoja, vitu viwili. Mimi siwezi kukuambia usisome, na siwezi kukuambia usikasirike. Nasomanga nikikasirika, inawezekana.

Biashara nayo? Chanuka hapa kama unachora. Terry ilikuwa kubwa hadi ukurasa wa Jumapili ya 17 Oktoba 1943 ukaingia kwa rekodi za bunge la Marekani, ule wa rubani Flip Corkin kumpa kijana Terry somo la urubani. Lakini Caniff hakuwa anamiliki hata kidole cha Terry. Sindiketi ndio mwenyewe. Angededi ama angegonjeka, wangepea mtu mwingine Jumatatu. Kwa hivyo alipopata ofa ya mdosi mwingine, Marshall Field, yenye ingemuachia haki za katuni yake, akakubali. Alafu akabaki anamalizia Terry kwa uaminifu hadi mwisho wa kontrakti. Steve Canyon ilinunuliwa na magazeti kibao kabla mtu aone hata kiboksi kimoja, na ilipozinduliwa, 13 Januari 1947, sura ya Caniff ilikuwa kwa jalada la Time. Wangapi hapa tao wamechora mhusika, akapendwa nchi nzima kwa matangazo, na hawana hata karatasi ya kuonyesha ni wao? Nawajua wengine. Hawapendi kubonga juu yake.

Mwisho wa hizo katuni haukuwa wa kishujaa. Wakati wa vita karatasi ilikosekana, magazeti yakapunguza saizi ya viboksi, na vita vikaisha saizi haikurudi. Weusi wa Caniff unahitaji nafasi; ukiubana unakuwa doa. Alafu televisheni ikaingia keja za watu, na nani atangoja miezi mitatu kujua kama staring ametoka kwa pango? Vichekesho vya siku moja vikabaki, stori ndefu zikaanza kuanguka moja moja.

Na tungezipoteza kabisa. Maktaba za Marekani zilianza kupiga magazeti picha kwa filamu ndogo nyeusi na nyeupe, alafu zinatupa karatasi. Rangi zote za Jumapili, kwaheri. Msee mmoja wa San Francisco, Bill Blackbeard, akaamua zii. Maktaba hazingempea mtu binafsi, kwa hivyo akaunda shirika, San Francisco Academy of Comic Art, na makao ya shirika yakawa nyumba yake. Magazeti yakajaa hadi ukutani. Mwishowe mkusanyiko wake ulipelekwa chuo cha Ohio State, tani 75, malori sita marefu. Uko kule kwa maktaba yenye ilianza 1977 na karatasi za Caniff mwenyewe. Vitabu vingi vya kuchapisha upya hizi katuni vimetoka kwa wehu wa huyo jamaa.

Huo mkono ulisafiri pia. Mchoraji Mwitaliano Hugo Pratt, aliyekaa Ethiopia akiwa mtoi enzi za wakoloni wa Italia, alijifunza weusi na weupe kwa Caniff, na baharia wake Corto Maltese, wa 1967, amejaa huo wino. Stori moja ya Corto inamleta hadi Rufiji, wakati Tanzania bara ilikuwa chini ya Wajerumani. Na hapa kwetu, 2010, Shujaaz ilianza kuingizwa ndani ya gazeti la Nation la Jumamosi, bure, kwa Sheng: Boyie amemaliza shule, job hakuna, anaunda redio yake kwa rumu yake na kubongea mtaa mzima bila kujulikana. Hakuna roketi wala upanga. Lakini kijana ako na siri, iko hewani, na ilibidi ungoje mwezi ujue kama amenaswa.

Ukitaka kuanza, usianze na Terry ya 1934. Caniff hapo bado anatafuta mkono, sura zimekauka na vichekesho vimechacha. Ruka hadi 1936 ama 1937 ndio uone wino ukiamka. Prince Valiant tafuta ile imechapishwa upya kwa kurasa kubwa za wachapishaji Fantagraphics. Kwa simu haisomeki, usijisumbue. Buz Sawyer tafuta za wakati wa vita. Na usizimeze usiku mmoja ka series. Soma kipande kimoja asubuhi, funga, enda wera. Ukishinda siku nzima unajiuliza Captain Judas amepeleka wapi hiyo lori, basi imekushika.